Kudarizi nyuki: anza na kilicho nyuma

Nyuki wangu wa kwanza alifanana na pipa lenye mabawa. Mwili mzima niliujaza mshono wa satini, yaani mishono iliyonyooka inayolala sambamba ikibanana, mabawa nikayafunika kwa uzi mweupe hadi yakawa kama bendeji, na miguu nikaiotesha tumboni. Mdogo wangu alimtazama akaniuliza, "Dada, hili ni dudu gani?"

Mishono nilikuwa naijua. Nyuki ndiye niliyekuwa simjui. Siku nilipomwokota mmoja aliyekufa dirishani nikamwangalia kwa kioo cha kukuzia, nilielewa nilikosea wapi. Miguu yote 6 hutoka kifuani, na mabawa 4 vilevile. Kifua chenyewe kina manyoya. Basi manyoya hayo yatafunika mianzo yote, mradi kifua ukishone mwisho kabisa.

Kitambaa kikaze kwenye fremu ya duara mpaka kilie kama ngoma ukikigonga. Uzi wa kudarizi huwa na nyuzi 6 ndogo zilizosokotwa pamoja; zichomoe mojamoja, na usikate kipande kirefu kuliko mkono wako toka vidoleni hadi kiwikoni. Kikizidi hapo kitajifunga mafundo na kuchakaa kabla hujakimaliza.

Mabawa nayazungushia mshono wa shina (kila mshono huanzia kando ya katikati ya uliotangulia, mstari ukawa kama kamba) kwa uzi mmoja wa kijivu, kisha natia mishipa michache. Ndani naacha kitambaa kitupu. Inataka moyo, najua, mkono huwa unawasha kujaza. Miguu ni mshono wa nyuma, ambao sindano hurudi kila mara pale mshono uliopita ulipoishia, uzi mmoja pia, na kila kiungo kipindwe.

Tumbo ndilo lililonisumbua kuliko vyote. Pingili zake hupandana kama vigae, ya mbele ikiikalia ya nyuma. Kwa hiyo naanzia mkiani na kupanda kuelekea kifuani, kila mstari ukila kidogo ule uliotangulia. Mishono iwe mirefu na mifupi kwa kupishana, nayo ilale kutoka kichwani kwenda mkiani, isikingame. Badala ya njano kali natumia kahawia na rangi ya asali iliyokolea. Nyuki wa asali si mweusi na njano kama anavyochorwa kwenye katuni.

Macho mawili makubwa ni satini nyeusi, mishono kama 10 kila moja. Hapo satini inafaa kwa sababu eneo ni dogo; mishono ikipita sentimita 1 hulegea na kunasa kila kitu. Juu ya kichwa nyuki ana macho mengine madogo 3. Ninayatia kwa vifundo, uzi nimeuzungusha kwenye sindano mara moja tu. Hakuna atakayeyaona, ila mimi nayajua.

Kifua sasa. Tumia nyuzi 3, acha kitanzi cha milimita 5 hivi, kibane kwa mshono mdogo, kitanzi kingine, bana tena, safu kwa safu zikiwa zimesongamana. Usivikate bado. Kwanza suuza kwa maji baridi alama za kalamu ya kufutika kwa maji uliyomchorea nyuki kitambaani, maana pasi ikitangulia wino unaweza kuganda usitoke tena. Kitambaa kikikauka, kilaze kifudifudi juu ya taulo, upige pasi upande wa nyuma ukikikwepa kifua. Ndipo uchukue mkasi mdogo wenye ncha kali, ukate vitanzi, uvichambue kwa mswaki mkavu, na upunguze pembeni mpaka mgongo ubinuke.