4,294,967,297: namba iliyomshinda Fermat

Maswali ya leo yote yanahusu 2³² + 1. Pierre de Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, aliamini ni namba tasa. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kwamba inagawanyika kwa 641.

Nimejaribu 3, 7, 11 na 13, zote zinaacha baki. Niendelee hadi wapi?

Ukifuata njia hiyo, utajaribu namba tasa zote hadi kipeuo cha pili, ambacho kinapita 65,536 kidogo tu. Ni zaidi ya 6,000. Achana nayo. Kigawo tasa cha namba hii, ukikigawa kwa 64, lazima kibakize 1. Basi anza na 65, ongeza 64 kila mara, kisha futa zisizo tasa. Zinabaki 193, 257, 449, 577, halafu 641. Jaribio la tano tu!

Kikokotoo changu ni cha tarakimu nane. Nitahakikishaje 641?

Kwa kalamu. 641 ni 5 × 2⁷ + 1, kwa hiyo 5 × 2⁷ inahesabika kama −1 tukigawa kwa 641. Ipandishe kipeo cha nne: 5⁴ × 2²⁸ inabakiza 1. Lakini 641 ni pia 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴, hivyo mahali pa 5⁴ weka −2⁴. Unapata −2³² inabakiza 1, na 2³² + 1 haibakizi kitu. Wengi huangusha ile alama ya kutoa, wakaishia kwenye 2³² − 1, ambayo haigawanyiki kwa 641.

Programu yangu inasema 2³² + 1 ni 1. Kwa nini?

Umeitengea biti (tarakimu za 0 na 1) 32 zisizo na alama ya kutoa, na mwisho wake ni 4,294,967,295. Zaidi ya hapo hesabu inarudi sifuri. Tumia biti 64.

Je, 6,700,417 inayobaki ni tasa?

Ndiyo. Kipeuo chake hakifiki 2,589, na mwanahisabati Mfaransa Lucas alibana kanuni ya Euler, ile ya kubakiza 1: badala ya kugawa kwa 64, gawa kwa 128. Zinazobaki kujaribiwa ni 257, 641, 769, 1,153 na 1,409. Baki zake ni 170, 44, 120, 334 na 622.

Kuna njia isiyohitaji kubahatisha vigawo?

Ipo, ila inataka uandike namba kama jumla ya vipeo viwili vya pili kwa njia mbili. Ya kwanza iko wazi: 65,536² + 1². Ya pili imejificha: 62,264² + 20,449². Sasa toa: 65,536 − 62,264 = 3,272, na 20,449 − 1 = 20,448. KKS (kigawo kikubwa cha shirika) yake ni 8. Jumlisha: 127,800 na 20,450, KKS ni 50. Nusu zake ni 4 na 25, na 4² + 25² = 641. Ukigawa 3,272 na 20,448 kwa 8 unapata 409 na 2,556, na 409² + 2,556² = 6,700,417.