Tulifunga jiwe kwa kalenda ya kuazima

Asubuhi ile ya tarehe 15 Julai tulikuwa watano chini ya jiwe, mikono kwapani, tukisubiri jua lifike upande wetu. Wanaoijua Iringa wanajua baridi ya Julai na ule upepo wake. Hata hivyo tulikuwa na furaha, kwa sababu hiyo ndiyo siku tuliyokubaliana kulifungua tena kwa sisi wapanda miamba. Kwa miezi minne na nusu hakuna aliyeligusa. Tulikuwa tumeandika kibao kwa rangi nyekundu, tukawaambia wenzetu wote wanaopanda, na wote wakatii. Tai mweusi alikuwa na kiota upande wa kushoto wa ukuta, juu karibu na kilele, na tuliamini tumemtendea haki.

Mimi ndiye niliyetangulia na kamba. Nilipofika kama mita ishirini, tai akatoka kiotani. Hakulia. Alijiachia tu, akafungua mabawa, nikaiona mgongoni ile alama nyeupe kama herufi V, kisha akapotelea nyuma ya kilima. Nikadhani anakwenda kuwinda pimbi, nikaendelea kupanda. Nilikaa ukutani karibu saa nzima, kwa sababu vidole vilikuwa vimekufa ganzi na kila hatua ilinichukua muda. Kisha nikasikia wenzangu wananiita kwa nguvu. Kunguru wawili wa shingo nyeupe walikuwa wamefika kiotani. Mmoja akaingia. Alipotoka alipita chini yangu, karibu kiasi kwamba nilisikia mabawa yake, na mdomoni alibeba kinda. Lilikuwa na manyoya meupe, laini kama pamba, na kichwa kinaning'inia. Nadhani halikuwa limemaliza siku mbili tangu lianguliwe.

Tai alirudi mchana. Alisimama ukingoni mwa kiota kwa muda mrefu, akainamisha kichwa ndani, akainua, akainamisha tena.

Ninayaandika haya kwa sababu kuna vijana wa Mbeya wameanza kupanda mawe, wamekuta kiota kwenye ukuta wanaoupenda, na wameniuliza tulifanyaje sisi. Nawapongeza kwa kuuliza. Naomba wasome hadi mwisho, kwa sababu sisi nia njema tulikuwa nayo tele, na kinda lilikufa vilevile.

Kosa letu lilianzia kwenye tarehe. Tulisoma mtandaoni kwamba kule Yosemite, hifadhi ya taifa iliyo California, Marekani, baadhi ya kuta hufungwa kila mwaka kuanzia tarehe 1 Machi hadi 15 Julai ili kozi, ndege wawindaji wanaozalia kwenye majabali, wazae kwa amani. Ni utaratibu mzuri na una historia yake. Kozi wa Marekani walikaribia kutoweka kwa sababu ya DDT, dawa ya kuua wadudu iliyofanya maganda ya mayai yao yawe membamba hadi kuvunjika yanapoatamiwa. Marekani ilipiga marufuku matumizi yake mashambani mwaka 1972, ndege wakaanza kuongezeka, na mwaka 1999 kozi huyo akaondolewa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini nchini humo. Wapanda miamba wa kule walikubali kukaa nje ya kuta zao wanazozipenda, na wanaendelea kukubali kila mwaka. Ndiyo maana tulivutiwa. Tukazichukua tarehe zao zilivyo, tukaziandika kwenye kibao chetu.

Hatukujiuliza ni tarehe za nani. Machi ya California ni mwanzo wa majira ya joto kuingia baada ya baridi. Machi ya Iringa ni mvua, mahindi yako shambani na jiwe lenyewe linateleza. Tena ndege wao ni kozi, ambaye huatamia kwa mwezi mmoja hivi, na makinda yake huruka yakiwa na wiki sita hivi. Wetu ni tai mweusi. Huyu huatamia kwa takriban siku 45, halafu kinda lake hukaa kiotani karibu siku 95. Jumlisha uone: ni zaidi ya miezi minne na nusu tangu yai litue hadi kinda liruke. Tai wetu alikuwa ametaga mwishoni mwa Mei. Kwa hiyo tulimlinda wakati hana kitu kiotani, na tukafungua jiwe siku ileile ambayo kinda lilikuwa halina hata uwezo wa kuinua shingo.

Aliyetufumbua macho ni mzee ambaye shamba lake linaishia chini ya jiwe. Tulikwenda kwake jioni ya siku ileile, tukiwa tumenyong'onyea. Tulimwamkia, akatukaribisha, tukamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mlipoweka kibao mwezi wa tatu nikajua hamumfahamu. Mwezi wa tatu huyu bado anazunguka tu na mwenzake. Anaanza kubeba vijiti mvua zikikatika, sisi tukiwa tunang'oa maharage. Mbona hamkuniuliza, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Tulikuwa tumepita mbele ya nyumba yake kila Jumamosi kwa miaka mitatu, tukimpungia mkono.

Basi ushauri wangu wa kwanza, na ndio mzito kuliko yote: kabla hamjaandika tarehe yoyote, mwulizeni anayeishi chini ya jiwe. Anayelima pale, anayechunga mbuzi pale, mama anayepasua kokoto pale. Hao wanamwona ndege kila siku ya Mungu bila darubini. Kina mama wa kokoto wa upande wa pili wa jiwe letu ndio waliotuambia kwamba kuna kiota cha pili, cha zamani, ambacho tai hukihamia miaka mingine. Sisi tulikuwa tunakiona kama rundo la takataka zilizoletwa na upepo. Mmoja wao aliongeza kuwa tai akiwepo pimbi hawashuki sana kula maharage yake, kwa hiyo yeye anamtaka abaki. Sikuwahi kufikiria kwamba tai ana mtetezi tayari kabla yetu.

Pili, kaeni chini ya jiwe msimu mzima bila kupanda ukuta ule. Najua ni vigumu kwa mtu mwenye viatu vipya. Lakini bila hivyo hamtajua mnachokilinda. Kaeni mbali, sisi tunakaa ng'ambo ya korongo, zaidi ya mita 300, na darubini moja tunayopokezana. Tazameni michirizi myeupe ya kinyesi ukutani: ikiwa mibichi na minene chini ya rafu fulani ya jiwe, pale panakaliwa. Tazameni ndege anayebeba tawi. Majani mabichi yakiletwa kiotani, kutaga kuko karibu. Akitoweka mmoja na mwingine akawa anawinda peke yake, anayekosekana huenda amelala juu ya yai. Andikeni kila kitu kwenye daftari, pamoja na tarehe. Daftari letu la mwaka wa kwanza lina kurasa kumi na moja tu, na lina faida kuliko yote tuliyoyasoma mtandaoni.

Huenda kwenu ndege si tai mweusi. Nyanda za juu kusini zina kozi pia, na wengine wa jamii ya mwewe wanaojenga kwenye majabali. Kila mmoja ana muda wake. Ndiyo sababu siwapi tarehe zetu mzinakili. Mtakuwa mmerudia kosa letu kwa mlango mwingine.

Sasa kuhusu kufunga kwenyewe. Msifunge jiwe zima kama kiota kiko upande mmoja. Sisi tunafunga uso wa magharibi, ambao una kiota, pamoja na njia ya kupita kileleni juu yake, kwa sababu mtu akisimama juu ya kiota tai huogopa kuliko akiwa chini. Upande wa mashariki, ambao kiota hakiuoni, unabaki wazi mwaka mzima. Hii ina maana kubwa. Kiangazi ndicho msimu wa kupanda kwetu, na tai naye amechagua kiangazi hichohicho. Ukimwambia kijana asiguse jiwe lolote kuanzia Mei hadi Novemba, atakuja usiku au atakuja siku ambayo haupo. Ukimwambia ukuta huu hapana, ule ndiyo, na ukamwonyesha sababu kwa darubini, atakuwa mlinzi wako.

Na tarehe ya kufungua iheshimiwe kama ya kufunga. Hapa wengi wanaopenda ndege hawatakubaliana nami, lakini nina hakika. Kizuizi kinachoongezwa wiki mbili, kisha mwezi, kisha "hadi tutakapotangaza", hakina mtu wa kukitii mwaka unaofuata. Tukiona hadi katikati ya Julai kwamba hakuna yai, tunafungua mapema na kuwaeleza wote kwa nini. Kinda likiruka, tunasubiri wiki mbili hivi, kwa sababu siku za mwanzo bado linarudi kulala pale, kisha tunafungua. Watu wameona tunafungua tunaposema tutafungua. Ndiyo maana wanafunga tunapowaomba wafunge.

Wapo wanaosema tai ni wengi, mmoja akikosa kinda si neno. Wasikilizeni kwa heshima kisha muwaeleze. Tai mweusi hutaga kwa kawaida mayai mawili. Yakianguliwa yote, lile kinda lililotangulia humpiga mdogo wake hadi kumwua; ndivyo walivyo. Kwa hiyo jozi nzima, kwa kazi ya mwaka mzima, huleta kinda moja, na miaka mingine hata hilo hakuna. Ukiliondoa hilo moja umeondoa mwaka wao. Jozi yetu haikutaga tena mwaka ule. Mwaka uliofuata walibeba vijiti, wakapanga kiota vizuri, hawakutaga. Ilibidi tusubiri hadi wa tatu.

Msitaje mahali. Hili nalisisitiza, na ndiyo maana hapa sijalitaja jiwe letu. Picha ya kiota ikiwekwa mtandaoni na jina la kilima, wiki ijayo atafika mwenye kamera ya kuruka, na tai hukiona kile chombo kama adui angani, huacha kiota kukishambulia. Wengine huja kutafuta makinda ya kuuza. Waambieni wanaopanda, waambieni wanakijiji, basi.

Ofisi ya kijiji ijue, na mwandike barua yenye tarehe. Kama jiwe liko ndani ya hifadhi ya taifa au msitu wa serikali, uamuzi si wenu hata kidogo. Toeni taarifa mlizonazo kwa wahifadhi na msikilize watakavyosema. Zungumzeni pia na warina asali, kwa sababu moshi chini ya ukuta mwezi wa sita unamwondoa tai kuliko mpandaji yeyote. Wa kwetu walikubali mara moja kuhamishia mizinga mitatu upande wa pili. Hatukuwapa chochote zaidi ya kusaidia kuibeba.

Mkijikuta tayari mko ukutani na ndege mkubwa ameruka kutoka karibu nanyi, au anazunguka juu yenu akilia, shukeni. Msimalize njia, msipumzike, msipige picha. Angalieni pia kunguru. Niliambiwa baadaye na yule mzee kwamba kunguru wa shingo nyeupe huwa wanamfuatilia tai msimu wote, wakisubiri nafasi kama niliyowapa. Baridi ya asubuhi peke yake inaweza kumaliza yai au kinda changa ambalo mama hayupo kulifunika, na mchana jua la juu ya jiwe hufanya vilevile. Dakika ni nyingi sana kwa kiumbe kisicho na manyoya ya kutosha.

Kibao chetu cha zamani tulikipaka rangi upya. Cha sasa kinasema: "Tai analea. Uso huu umefungwa hadi kinda liruke. Upande wa mashariki karibuni. Ukitaka kumwona, muulize mzee." Ni yeye mwenyewe aliyetaka sentensi ya mwisho iwepo. Watu wanamwuliza, anawapeleka ng'ambo ya korongo, na Jumamosi moja nilimkuta amezungukwa na watoto wa shule, ameshika darubini yetu, anawaonyesha namna tai wawili wanavyowinda pimbi kwa pamoja, mmoja akiwavuta macho na mwingine akitokea nyuma.

Mwaka jana kinda liliruka tarehe 24 Oktoba. Mzee alinipigia simu kabla ya saa moja asubuhi, na kwa mbali nilisikia kina mama wa kokoto wakipiga vigelegele. Tulifungua ukuta tarehe 7 Novemba, tukapanda siku nne tu kabla mvua hazijaanza. Kibao kiko kwake sasa, kimeegemezwa nyuma ya ghala la mahindi, na yeye ndiye atakayeamua kikitoka.