Kwa dada anayehamia Boden: Norrbotten nilivyoijua mimi

Mdogo wangu, nimesoma swali lako mara mbili. Umesema mumeo amepata kazi Boden, kaskazini mwa Sweden, mnahamia na watoto wawili, na unataka kujua Norrbotten ni mkoa kama mikoa ya kwetu au vipi, nani anaiongoza na ina watu wangapi. Waliotangulia wamekuwekea idadi tu. Mimi nimekaa huku miaka 11, minne Kiruna na iliyobaki Luleå, kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani nikiwa mwajiriwa wa komuni, yaani halmashauri ya huku. Ngoja nikujibu kwa yale yaliyonipata.

Nianze na ukubwa, maana ndio unaoamua mengine yote. Mimi ni mtu wa Nzega. Tabora ndio mkoa mkubwa kuliko yote Tanzania, kilomita za mraba kama 76,000, na sensa ya 2022 ilikuta humo watu zaidi ya milioni 3. Norrbotten nchi kavu yake peke yake ni kama kilomita za mraba 97,000, karibu robo ya Sweden nzima, na watu wake ni kama 250,000 tu. Miaka ya 1990 walizidi 260,000, yaani wamepungua huku nchi ikiongezeka. Komuni ziko 14. Luleå ina karibu watu 80,000, na ukijumlisha Piteå na hiyo Boden yenu umeshapita nusu ya watu wote. Hao wako upande wa Ghuba ya Bothnia. Ukielekea magharibi, milimani kwenye mpaka wa Norway, unaikuta Arjeplog: watu hawafiki 3,000, na eneo lao ni zaidi ya kilomita za mraba 12,000.

Namba hizo nilizisoma kabla sijaja na hazikuniambia kitu. Nilizielewa nilipopata mimba ya mwanangu wa kwanza.

Kiruna kuna hospitali, lakini wodi ya wazazi haina. Unakwenda kujifungulia Gällivare, kilomita kama 120. Mume wangu alikwenda ofisi za komuni kuuliza kwa nini iwe hivyo. Mama wa mapokezi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwa upole kwamba hospitali si ya komuni, ni ya Region, mamlaka nyingine kabisa, na ofisi yake kuu iko Luleå. Kilomita 340! Mkunga ndiye aliyetupa la kufanya: begi likae ndani ya gari, mafuta yasishuke chini ya nusu tenki, na gari lilale limechomekwa kwenye umeme ili injini isigande.

Uchungu ulinianza usiku wa Januari, nje nyuzi 31 chini ya sifuri. Tulipofika kama katikati ya safari tukakuta reni, wanyama wa jamii ya kulungu wanaofugwa huku, wamesimama barabarani, ishirini hivi, mvuke unawatoka puani, hawana habari na sisi. Mume wangu akapunguza taa, akawa anasogea taratibu, nami nimeshika mkanda wa gari kwa mikono miwili nahesabu dakika. Walipita mmoja mmoja. Mtoto alizaliwa alfajiri, salama. Tangu siku hiyo mtu akiniuliza habari za utawala wa huku, naanzia barabara ile.

Sasa utawala wenyewe. Ukisikia "län" utataka kutafsiri mkoa, na si kosa. Ila kwetu ukishajua mkuu wa mkoa umeshajua pa kupeleka shida. Huku juu ya ardhi hiyo moja kuna mamlaka tatu, na hakuna iliyo bosi wa mwenzake kwa namna tuliyoizoea.

Ya kwanza ni Länsstyrelsen. Huu ni mkono wa serikali kuu, kiongozi wake anaitwa landshövding, anateuliwa na serikali Stockholm, hapigiwi kura. Anayefanana na mkuu wetu wa mkoa ni huyu, lakini hospitali hana na shule hana. Wanashughulikia mazingira, wanyamapori, maandalizi ya majanga, mambo ya ufugaji wa reni, na kusimamia kama sheria zinafuatwa. Mimi kwa miaka yote hii sijapata sababu ya kwenda ofisini kwao.

Ya pili ni Region Norrbotten, ina baraza la kuchaguliwa, na kazi yake kubwa ni afya. Hospitali kuu iko Sunderbyn, kati ya Luleå na Boden. Nyingine ziko Piteå, Kalix, Gällivare na Kiruna. Operesheni ya moyo unapelekwa Umeå, mkoa jirani wa Västerbotten. Suala la hospitali gani ibaki na huduma gani ndilo linalochemsha siasa za huku. Kuna chama cha hapa hapa kilichozaliwa kwa ajili hiyo, Sjukvårdspartiet, na mwaka 2018 kiliongoza muungano uliokitoa madarakani chama cha Social Democrats kilichokuwa kimezoea kushinda. Mwanamke aliyewahi kusafiri kilomita mia moja na uchungu haoni ajabu hapo.

Ya tatu ni komuni: shule, chekechea, wazee, maji, taka, ramani ya mji. Utakayokutana nayo kila siku ni hii. Kodi ya mshahara wako inagawanywa kati ya komuni na Region, jumla yake asilimia 33 mpaka 35 kutegemea unakoishi. Na sikiliza hili: ukishasajiliwa Sweden miaka 3 mfululizo na umetimiza 18, unapigia kura komuni na Region hata kama pasipoti yako bado ni ya kwetu. Uchaguzi ni Septemba, kila baada ya miaka 4. Wengi wetu tunakaa nyumbani siku hiyo kwa kudhani hayatuhusu. Inaniuma.

Kama unataka kuziona mamlaka hizi zikifanya kazi, soma habari za Kiruna. Mwamba wa chuma umelala mshazari, unaingia chini ya mji, na kadiri LKAB, kampuni ya serikali, inavyochimba kwenda chini ndivyo ardhi ya juu inavyopasuka. Mwaka 2004 ikatangazwa kwamba mji utahamishwa. Kampuni inalipa, komuni ndiyo inayopanga mji mpya ukae wapi, Länsstyrelsen inaangalia mazingira na majengo ya urithi. Kitovu kipya kilifunguliwa 2022. Agosti 2025 wakalibeba kanisa la mbao la mwaka 1912, zima kama lilivyo, kilomita 5, kwa siku mbili. Jengo nililopanga mimi halipo tena. Pale palipokuwa jiko langu sasa pako ndani ya uzio.

Watu je? Usidhani ni Waswidi watupu. Wasami wako tangu kale, bunge lao Sametinget lilizinduliwa Kiruna mwaka 1993, na ufugaji wa reni ni haki yao. Usimuulize mfugaji ana reni wangapi. Kwetu Unyamwezini nani anaulizwa ng'ombe zake hadharani? Halafu kuna watu wa bonde la mto Torne. Sweden ilipoipoteza Finland kwa Urusi mwaka 1809, mpaka ulipitishwa mtoni, watu wa lugha moja wakajikuta nchi mbili. Mwaka uliofuata, 1810, ndipo Norrbotten ikamegwa kutoka Västerbotten. Lugha yao upande wa Sweden ni Meänkieli. Kiruna nilimhudumia bibi mmoja ambaye usahaulifu ulikuwa umemfutia Kiswidi chote, amebaki na Meänkieli tu. Kisheria komuni ile inatakiwa kuwahudumia wazee kwa lugha hiyo, lakini zamu za usiku mara nyingi tulikuwa hatuna anayeijua. Nikajifunza maneno machache: maji, baridi, unaumwa wapi. Akinisikia alikuwa ananishika mkono, ananionyesha nimtilie vipande vya jibini ndani ya kahawa, ndivyo wanavyokunywa.

Kiswahili nacho kipo. Utakutana na Wakongo walioletwa kwa mpango wa UNHCR, wengine wamekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kabisa, hapo Kigoma. Ukiwasikia dukani, wasalimie.

Ukisikia mtu wa Kiruna au Jokkmokk anasema anakaa Lappland, usichanganyikiwe, ni jina la kale la eneo, halina ofisi wala kiongozi.

Wewe Boden uko pazuri, Sunderbyn ni kama kilomita 20. Mkifika anzeni na Skatteverket, mamlaka ya kodi, kwa ajili ya namba ya utambulisho. Hao ni wa taifa, hawamo katika zile tatu. Kisha komuni kwa shule, kisha chagueni hälsocentral, ndiyo zahanati yenu. Usiku mtoto akichemka piga 1177, ni wauguzi, watakuambia uende au usubiri.

Watoto wana miaka mingapi? Kama mdogo hajatimiza 6, niandikie hapa hapa, nikueleze foleni ya chekechea kabla hamjapanda ndege.