Pesa za matumizi kwa watoto: kiasi gani, siku gani, na zikiisha mapema ufanyeje

Dada mmoja wa Kisauni, Mombasa, ameuliza hivi: mwanawe ana miaka 9 na bintiye 12, huwapa pesa kila asubuhi wakienda skuli, jioni zimeisha na wanataka nyingine. Awape kiasi gani, na awafunze vipi thamani yake?

Dadangu, tatizo liko kwenye hiyo "kila asubuhi" kuliko kwenye kiasi. Mtoto anayepewa kila siku hana cha kupanga. Akimaliza leo, kesho zipo. Pesa ya wiki nzima ikiwa mkononi mwake ndipo analazimika kuchagua: viazi karai leo, au kitu kikubwa zaidi mbele. Kwa hivyo badilisha siku kwanza, halafu tuzungumze kiasi.

Mpe Jumapili usiku. Wengi huchagua Ijumaa kwa kuwa ni siku njema na aghalabu ndipo mzazi mwenyewe ana kitu, lakini pesa ya Ijumaa hukutana na wikendi, na ikifika Jumapili magharibi imeishia Lighthouse, kule ufukweni Mama Ngina, kwa mihogo ya pilipili na ukwaju. Ukianza wiki Jumatatu, matembezi ya Mama Ngina yanakuja mwisho. Aliyebakisha atanunua, aliyemaliza atatembea tu. Somo hilo halihitaji maneno yako.

Sasa kiasi. Kwa wiki moja, kabla hujabadilisha lolote, andika kila shilingi inayotoka kwako kwenda kwao: ya skuli, ya chuoni (madrasa), ya dukani jioni, na ile ya "mama nipe kumi". Wazazi wengi hushtuka wakijumlisha. Kisha toa nauli na chakula. Hivyo ni wajibu wako na visiingizwe kwenye pesa zake, maana mtoto akikosea hesabu hatakiwi kulala njaa wala kutembea kutoka Buxton hadi Bamburi. Kinachobaki kipunguze kidogo, ndicho kiwango cha kuanzia. Kwa familia ya kawaida ya mjini, mtoto wa miaka 9 shilingi 100 kwa wiki zinatosha, na wa miaka 12 shilingi 200. Huyo mkubwa mwongezee jukumu pamoja na pesa: kalamu, rula na vibanio vya nywele atajinunulia mwenyewe. Mdogo atalalamika kuhusu tofauti. Mwambie wazi ni umri na majukumu, na akifika miaka 12 naye atapata hivyo hivyo. Kama mna mwingine wa miaka 5 au 6, huyo bado si wa wiki. Sarafu moja ya kumi, siku mbili kwa wiki, mkiwa pamoja dukani, na yeye ndiye anayemkabidhi muuzaji.

Usimpe noti ya mia. Mpe sarafu nne za ishirini na mbili za kumi. Noti ikivunjwa mara moja huisha siku hiyo hiyo, na dukani mtoto mdogo ndiye anayerudishiwa peremende badala ya chenji. Mfundishe kusema "nataka chenji yangu" bila kuogopa, na kuhesabu kabla ya kuondoka mbele ya kaunta. Kwa wadogo, sarafu zilizotolewa 2018 ni rahisi kuzitambua: twiga ni moja, kifaru tano, simba kumi, ndovu ishirini. Lakini zile za zamani zenye vichwa vya marais bado zinazunguka, kwa hivyo zimwage zote juu ya mkeka azipange kwa thamani. Vinginevyo atadhani ya zamani ni pesa nyingine na ataikataa chenji halali.

Nyumbani weka vyombo vitatu kwa kila mtoto: matumizi, akiba, sadaka. Katika 100, mfano mzuri ni 60, 30 na 10. Chombo cha akiba kiwe chupa angavu ya maji iliyotobolewa kifunikoni. Mtoto wa miaka 9 anahitaji kuona pesa ikipanda, na mkebe uliofungwa kabisa humchosha kwa wiki mbili. Akiba iwe na jina. "Akiba" peke yake haimwambii kitu, lakini "mpira wa 600" unamwambia: 30 kwa wiki ni wiki 20, ambazo ni ndefu mno kwake. Hapo mkae mkubaliane: aweke 50 kwa wiki iwe wiki 12, au wewe utie nusu ya bei akifikisha 300. Lakini kabla ya mpira, kwa umri huo lengo la kwanza kabisa lisizidi wiki nne au tano, hata kama ni kitu kidogo, ili aonje kufikia.

Sadaka aitoe kwa mkono wake. Ukimtolea wewe, kwake ni makato tu.

Kuna kosa moja linaloharibu kazi yote hii, nalo ni la wazazi: kukopa kwenye chupa ya mtoto. Gesi imeisha, hakuna pesa ndogo, chupa iko pale juu ya kabati. Ukilazimika, muombe, akikataa ukubali, akikubali andika kiasi na siku ya kurudisha, na urudishe mbele yake akihesabu. Mtoto aliyefungua chupa akakuta imepungua hataweka tena. Atatumia zote siku ya kwanza, na atakuwa sahihi, kwa sababu kwake pesa iliyotumika ndiyo pekee isiyochukuliwa.

Ndivyo ilivyo pia kwa mkono wa Idi, yaani pesa za sikukuu anazopewa mtoto. Ile "nipe nikuwekee" isiyorudi imewafunza watoto wengi wa Mombasa kuficha pesa. Kubaliana naye kabla ya siku: nusu ni ya Idi, ya bembea na vyakula vya uwanja wa Makadara, nusu inaingia akiba. Usiku wa Idi mosi keti naye mhesabu, na hiyo nusu ifungwe. Katika Ramadhani usipunguze pesa ya wiki kwa sababu anafunga. Mwache aone zinavyolimbikizana, ndiyo akiba rahisi kuliko zote katika mwaka. Wanaosherehekea Krismasi watumie mpango huo huo kwa zawadi za Desemba.

Pesa za wiki zikiisha Jumanne, na zitaisha, usiongeze wala usigombe. Mfungie mahamri au viazi vya nyumbani aende navyo skuli. Ukigomba, anakumbuka hasira zako. Ukiongeza, anajua siku ya kweli ya malipo ni siku anayolia. Huyu wa miaka 12 unaweza kumruhusu mkopo mmoja kwa muhula: mpatane kiasi, mwandike daftarini, na umkate 40 kila wiki mpaka uishe, bila nyongeza. Akiwa bado na deni, hakuna mkopo wa pili.

Ugumu mkubwa zaidi ni bibi, ami na mjomba. Wiki yote umeshikilia, Alhamisi bibi anampa mia kwa siri. Bibi hakatazwi kumpa mjukuu, na mtoto asisikie ukimkataza. Mwendee wewe kwa adabu, umweleze mpango, umuombe atie kwenye chupa ya akiba au ampe Jumapili pamoja na yako. Wengi hufurahi wakishirikishwa.

Kazi za nyumbani zisilipwe. Vyombo, kufagia, kutandika kitanda ni sehemu ya kuishi pamoja, na ukianza kulipa utafika siku ataambiwa amletee babake maji aulize bei. Lipa kazi ya ziada ambayo ungemlipa mtu mwingine: kuosha zulia, kusugua tangi la maji, kufunga pakiti za mabuyu kama nyumba yenu huuza. Hayo mabuyu ni darasa zuri sana. Tuseme ubuyu, sukari, iliki, rangi na vifungashio vimekula 300, zikatoka pakiti 50 za kumi. Mauzo ni 500, faida 200. Kisha muulize amekula ngapi. Kama ni nane, faida ni 120, maana nane hizo zilikuwa shilingi 80. Mtoto akiliona hilo kwa pakiti zake mwenyewe ataelewa mtaji ni nini.

Sokoni vilevile. Mpe 200 na orodha ya Marikiti au Kongowea, arudi na chenji na maelezo. Dukani muulize bei ya sukari ya robo, aizidishe kwa nne, kisha alinganishe na kilo. Ajitahidi kufikiri.

Tenga noti ya 50 mfukoni mwa ndani wa begi, ya dharura tu. Mvua ikinyesha nauli za matatu hupanda bila taarifa. Ikague kila Jumapili. Akipoteza pesa zake za wiki, usifidie. Lakini akinyang'anywa, hilo ni jambo lingine: mrudishie, na kesho yake uwe skuli kwa mwalimu.

Mchunguze akianza kumaliza siku ya kwanza mfululizo, au chupa ikipungua bila kitu kipya kuonekana. Kuna vibanda vya gemu vinavyotoza kwa mchezo, na kuna zile mashine za kamari zinazomeza sarafu ya ishirini, ambazo mtoto chini ya miaka 18 hastahili kuzikaribia lakini hukaribishwa. Kuna mugoka, yale majani ya kutafuna yanayolevya. Usianze kwa kupiga. Fuata njia anayopita kati ya skuli na chuo, uone kilichopo.

Bintiyo akifika 14, mpe kwa mwezi, iingie bando na kusuka nywele. Simu ina huduma ya M-Pesa Go kwa miaka 10 hadi 17 iliyoungwa na ya mzazi, ila usimhamishie huko kabla hajaweza sarafu. Kabla ya hapo mwonyeshe ujumbe wako wa M-Pesa ukilipa kitu, msome pamoja ule mstari wa gharama na ule wa salio. Mtoto akiona wewe unabonyeza tu na mzigo unakuja, haoni kitu kikipungua.

Anza Jumapili ya kwanza ya muhula, si katikati. Wiki mbili za mwanzo pesa zitaisha Jumanne. Usibadilishe kiwango mpaka muhula uishe, hata wakilia, kisha mkae na daftari mpitie upya kama kinatosha.