Mwanangu, achana na ile ya cc 58

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Wauliza ununue pawaso gani, yaani msumeno wa injini, ya shamba la Mtwapa: Stihl MS 170, Husqvarna 120, au ile ya cc 58 isiyo na jina, ambayo muuzaji akusifia kwamba ina nguvu na bei nafuu. Na kazi ni kupogoa miembe na kukata matawi ya mivinje yanayoangushwa na kusi, mara chache kwa mwaka.

Chukua MS 170. Injini yake ni ya cc 30, baa (ule ubapa unaozungukwa na cheni) ni ya sentimita 30 au 35, na bila baa na cheni ina karibu kilo 4. Tawi la mwembe lenye unene wa paja halidai zaidi ya hapo. Husqvarna 120 nayo ni nzuri, cc 38, ila imezidi karibu kilo nzima, na wewe huishiki kila siku. Mikono ikichoka ndipo watu huumia. Ile ya cc 58 isahau. Cheni ikikatika utaanza kuzunguka mji mzima ukitafuta nyingine.

Lakini kabla hujatoa pesa, mwambie muuzaji akutolee cheni, plagi na kichujio cha hewa cha modeli hiyo hiyo, uvione kwa macho. Akisema atakuagizia, nenda duka la pili. Ukikuta spea za Husqvarna zipo na za Stihl hazipo, basi nunua Husqvarna. Mimi spea naziweka mbele ya jina.

Sasa mafuta, maana hapa ndipo mashine za watu wasiozitumia sana hufia. Injini ni ya tu-stroki: lita 5 za petroli, mililita 100 za oili ya tu-stroki. Oili ya gari usitie. Changanya ya kazi ya siku hiyo tu. Ukimaliza, itoe iliyobaki ndani ya tangi, kisha washa mpaka izime yenyewe, kabureta ibaki kavu. Petroli iliyolala miezi huziba vitundu vya kabureta, nawe utavuta kamba mpaka bega liume. Oili ya cheni ina tangi lake. Lijaze kila ukijaza petroli.

Nunua na tupa ya duara ya milimita 4. Mchanga wetu wa pwani hula meno ya cheni, kwa hivyo gogo lililo chini liinue kwanza, cheni isiguse ardhi. Cheni kali hutema vipande. Ukiona inatoa unga laini, simama uinoe. Usiisukume kwa nguvu.

Ncha ya baa, upande wa juu, usiiguse na mti. Ikigusa, msumeno hurukia usoni kabla hujajua kitu. Shika kwa mikono miwili, gumba limezunguka mpini, na usikate kitu kilicho juu ya mabega yako. Ngazini usipande nao kabisa, mwanangu, nakuomba.

Na ule mnazi mkongwe karibu na banda, mwachie fundi anayeifanya kazi hiyo. Shina lake kwa nje ni gumu, lamaliza meno haraka, na ukiangukia upande wa paa hutauzuia.

Jumamosi ukienda dukani, waambie wauwashe msumeno mbele yako na wakuonyeshe breki ya cheni inavyoshika. Nunua pia miwani, vya kuziba masikio na gambuti ngumu siku hiyo hiyo.

Mama yako