Muulize Fundi: Soma kibandiko kabla ya kununua betri ya laptopu

Swali: Shikamoo fundi. Laptopu yangu haimalizi saa moja nikichomoa chaja. Betri yake imeandikwa volti 10.8, mAh 4400. Muuzaji amenionyesha tatu zenye umbo lilelile: ya volti 11.1 na mAh 4400, ya volti 14.8 na mAh 3300, na nyingine ya volti 11.1 inayodai mAh 8800. Ananishauri nichukue hiyo ya mwisho kwa kuwa ndiyo kubwa. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Chukua ya kwanza, mradi namba ya modeli iliyo kwenye betri yako ya zamani imo kwenye orodha ya zile inazoweza kuchukua nafasi yake.

Betri ya aina yako, ile nene inayochomoka kwa chini, ndani mna seli za lithiamu-ayoni za mviringo. Nyingi ni za kipimo kinachoitwa 18650, yaani kipenyo milimita 18 na urefu milimita 65. Kila seli huhesabiwa volti 3.6 au 3.7, ikitegemea mtengenezaji alivyochagua kuandika. Seli tatu zilizounganishwa mfululizo zinakupa 10.8 au 11.1, kwa hiyo usihangaike na tofauti hiyo. Lakini 14.8 ni seli nne mfululizo. Hiyo usiiweke, hata kama inaingia na kukaa sawasawa.

Sasa hizo mAh, yaani miliampea-saa: 4400 ni sawa na ampea-saa 4.4. Zikisimama peke yake hazikuambii betri ina nguvu kiasi gani. Zidisha volti kwa ampea-saa upate wati-saa, zinazoandikwa Wh. 11.1 mara 4.4 ni 48.84. 14.8 mara 3.3 nayo ni 48.84! Betri mbili zenye nishati ileile, na moja inaonekana dhaifu kwa macho. Mimi nikishika betri, Wh ndiyo ninayoitafuta kwanza.

Hiyo ya 8800 iache. Umbo la kawaida hubeba seli sita: jozi tatu zilizofuatana, kila jozi seli mbili sambamba, ambazo mAh zake hujumlishwa. Ili ifike 8800, kila seli ingepaswa kubeba 4400, wakati seli za 18650 kwa kawaida huwa kati ya 2000 na 3500. Betri ya seli tisa ingeweza kufika huko, ila ingekuwa kubwa zaidi na kutokeza nje ya laptopu, nawe umesema umbo ni lilelile. Kibandiko hicho kinasema uongo, na inaniuma sana kwa sababu anayedanganywa ni mtu aliyejitahidi kulinganisha namba kabla ya kulipa.

Swali: Fundi, laptopu yangu ni nyembamba, betri yake bapa ya volti 11.4. Naweza kuweka ya 11.1? Na je, ni lazima nisubiri izime kabisa ndipo nichaji?

Jibu: Yote mawili, hapana. Yako ni ya lithiamu-polima: seli zimefungwa katika mfuko mwembamba badala ya kopo la chuma. Seli yenye volti 3.8 hujazwa mpaka takriban 4.35, ile ya 3.7 huishia 4.2. Kwa hiyo 11.4 na 11.1 si majina mawili ya kitu kimoja kama kwa msomaji wa kwanza. Kikomo cha kuchaji ni tofauti, na lithiamu iliyojazwa kupita kikomo ni hatari.

Ushauri wa kuimaliza kabisa ulitoka kwenye betri za nikeli-kadimi, zilizotumika kabla lithiamu-ayoni haijaingia sokoni mwaka 1991. Lithiamu ni kinyume: huchoshwa na kushuka hadi sifuri mara kwa mara, na kukaa na chaji asilimia 100 huku ikiwa na joto. Kama laptopu yako haitoki kwenye chaja, tafuta kwenye mipangilio yake sehemu ya kusimamisha chaji kwenye asilimia 80. Nyingi za siku hizi zinayo.

Swali: Sehemu ya kusogezea kishale imeinuka na haibonyezeki vizuri, ila laptopu inafanya kazi. Niendelee kuitumia?

Jibu: Izime sasa hivi na uchomoe chaja. Kwa dalili hizo, betri iliyo chini yake huenda imevimba kwa gesi inayotokea seli zinapoharibika. Usiikandamize irudi, usiitoboe kutoa hewa, wala usiing'oe kwa bisibisi. Weka laptopu mahali pakavu mbali na nguo na karatasi, kisha ipeleke kwa fundi aitoe betri. Iliyotolewa isitupwe kwenye pipa la taka za nyumbani. Ipelekwe panapopokelewa betri chakavu.