Kumvua kambale kwenye maji yaliyotulia: niliyojifunza lamboni

Karibu kila anayeanza hurusha mbali, na mimi nilianza hivyohivyo. Unafika lamboni jua linazama, ndoano mpya, mshipi mpya, na akili inakwambia samaki mkubwa yuko katikati, kwenye kina. Unazungusha mkono, unarusha kwa nguvu zako zote, chambo kinatua huko mita thelathini. Kisha usiku kucha unasikia maji yakipasuka kwenye nyasi, hatua tatu kutoka ulipokaa. Huyo ndiye kambale uliyemfuata, nawe umemruka.

Mchana hujificha kwenye kina au chini ya matete. Giza likiingia anasogea pembezoni, hadi kwenye maji yasiyofika magotini, kutafuta vyura, wadudu na vifaranga vya perege. Kwa hiyo anza kwa kutega karibu. Na usimulike maji kwa tochi kila dakika tano kuangalia kama boya limezama, utawafukuza wote. Hata kutembea kwa kishindo ukingoni wanakusikia.

Jambo la pili lilinichukua muda kulielewa. Kambale ana macho madogo na hayategemei sana. Anatafuta chakula kwa zile sharubu nane na kwa ngozi, ambavyo vyote vinaonja. Mtoni kazi ni rahisi: mkondo unabeba harufu ya chambo chako, naye anaifuata akipanda maji mpaka kwenye ndoano. Lamboni hakuna mkondo. Harufu inakaa palepale kama moshi kwenye nyumba isiyo na dirisha, na samaki aliye mita ishirini pembeni hana habari kwamba umemwandalia.

Niliyemwona akilitatua hilo ni mzee mmoja wa Nyumba ya Mungu, bwawa lile linalolishwa na Kikuletwa na Ruvu kabla Pangani haijaendelea na safari yake. Wageni wote tulikaa upande uliotulia, maji kama kioo, raha. Yeye alivuka akaenda upande unaopigwa na upepo, mawimbi yanamrushia mapovu, maji rangi ya chai ya maziwa. Tulimcheka. Alfajiri alikuwa na saba, sisi wanne kwa jumla tulikuwa na wawili. Nilipomuuliza akanijibu kwa kifupi: upepo ndio mto wa bwawa. Maji ya juu yanasukumwa kuelekea ukingoni, na yakifika hayana pa kwenda ila kurudi kwa chini, yakipita juu ya tope kuelekea kwenye kina. Chambo chako kikikaa pale chini, harufu yake inasafirishwa hadi kwa wenyewe. Isitoshe, wadudu na uchafu wote wa bwawa hukusanywa ukingo huohuo. Tangu siku hiyo, nikifika mahali papya, kabla sijafungua mfuko wa chambo natazama nyasi zinalalia wapi.

Sasa chambo. Mtu atakwambia kambale anapenda vilivyooza. Si kweli sana. Anapenda chenye harufu kali, yaani damu na mafuta, lakini utumbo uliooza siku tatu ukishalowa unamumunyuka, na unabaki na ndoano tupu pasipo wewe kujua. Kilicholala siku moja kinatosha.

Nyungunyungu ni chambo kizuri kwa anayejifunza, hasa wakati wa mvua, ila lamboni perege wadogo watakumalizia kopo zima kabla kambale hajafika. Utumbo wa kuku ni mgumu kidogo, unashika. Pafu la ng'ombe usihangaike nalo, linaelea. Ninachokiamini mimi ni maini, na tatizo lake kila mtu analijua: hayashiki, ukirusha yanaruka peke yake. Dawa yake ni hii. Kata vipande vya ukubwa wa kidole gumba, vipake chumvi, vianike juu ya bati saa mbili tatu mpaka juu pawe na kigozi. Ndani vinabaki na damu. Vitie ndoanoni, uzungushie uzi wa kushonea mara nne au tano, usikaze sana. Hapo hata perege wakidonoa nusu saa bado kipande kipo.

Kuna pia sabuni. Najua unacheka. Kule Kariba, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, sabuni ni chambo mashuhuri cha vundu, jamaa mkubwa wa kambale. Mimi nimetumia vipande vya sabuni ya mche kwenye mishipi ya kulaza usiku, na uzuri wake ni kwamba samaki wadogo hawaigusi. Zile zenye manukato hazijawahi kunipa kitu. Lakini kwa mshipi wa mkononi naona inachelewa, na bado maini yananipa zaidi.

Ukitaka kuwakusanya, mwaga chakula mahali pamoja, usitawanye. Machicha ya mbege, ile pombe ya ndizi, yakichanganywa na pumba na udongo wa mfinyanzi, ukafinyanga mabonge ya ukubwa wa chungwa, yanazama na kuyeyuka polepole. Mawili yanatosha. Ukiweka kumi umewashibisha bure.

Kuhusu kutega: tope la malambo yetu ni laini, risasi nzito ya kuzamisha mshipi inazama na chambo kinafukiwa. Tumia risasi ndogo yenye tundu ili mshipi upite ndani yake, kambale akivuta asihisi uzito. Pale penye tope jingi mimi natumia boya la kipande cha kandambili, nikipima kina mpaka chambo kining'inie kiganja kimoja juu ya tope. Ndoano yangu ni namba 8, ile ya waya mnene. Ujue kwamba kwa ndoano hizi namba ikipanda ndoano inapungua.

Kisha subiri, hapa ndipo wavuvi wa perege wanapoharibu. Wamezoea kuvuta boya likitikisika tu. Kambale kwanza anakipapasa chambo kwa sharubu, boya linacheza, linalala, linasimama. Usiguse. Akishakimeza anaondoka nacho, na boya linakwenda upande mmoja bila kusita. Hapo ndipo unavuta, kwa nguvu, kwa sababu kichwa chake ni mfupa mtupu.

Jifunze pia kusoma mapovu. Tope lenyewe hutoa gesi, na mapovu yake yanatoka sehemu ileile moja. Mapovu madogo yanayosogea kwa mstari ni kambale anayechimba. Povu moja kubwa na duara la mawimbi ni aliyepanda kuvuta hewa, maana huyu anapumua hewa ya juu pia, ndiyo sababu anaishi kwenye madimbwi ambayo perege angekufa. Wa kutupia chambo ni yule anayechimba.

Mvua za kwanza zikishuka, maji yakaingia nyasini, utawaona wamejaa kwenye maji ya kifundo cha mguu. Wamekuja kutaga. Watu huwapiga mapanga. Mimi siendi siku hizo, na nikinasa mwenye mayai namrudisha. Ulizia leseni kabla ya kutega, na ulizia kama bwawa halijafungwa, maana hufungwa ili samaki waongezeke. Penye mamba au kiboko, hiyo habari ya kukaa ukingoni usiku isahau kabisa. Tega jioni, rudi asubuhi na wenyeji.

Mwisho, akishatoka majini. Sharubu hazina madhara, watoto wanaziogopa bure. Cha kuogopa ni ile miiba miwili kwenye mapezi ya ubavuni, ina meno kama msumeno. Mmoja uliniingia kiganjani, mkono ukavimba siku nne. Mshike kwa kumbana nyuma ya kichwa, vidole vikiwa nyuma ya miiba. Na umtie kwenye kiroba, ufunge mdomo. Mwaka wangu wa kwanza nilimwacha mmoja wa kama kilo tatu kwenye nyasi zenye umande, nikageuka kutia chambo kingine. Niliporudi nilikuta mfereji wa utelezi kwenye majani, umenyooka hadi majini.